Kuni Zimepanda Bei Pwani, na Dawa Yake Haiko Msituni

Bei ya unga ikipanda, kila mtu husikia. Redio husema, wabunge hulalamika, na kwenye simu zetu ujumbe hauishi. Bei ya petroli nayo hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi na nchi nzima huingoja. Lakini tita la kuni likipanda bei, hakuna tangazo. Anayejua ni mama karanga anayekaanga samaki karibu na diko la wavuvi, ni mama wa mahamri aliyeamka saa 10 alfajiri, na ni nyanya aliyeamua kwamba leo maharagwe hayapikwi kwa sababu yanakula kuni.

Mahamri yakipungua ukubwa, mnunuzi hulaumu unga na mafuta. Moto hautajwi. Na kitu kisichotajwa hakina mtetezi: hakiingii kwenye bajeti ya kaunti, hakiulizwi wakati wa kampeni, wala hakuna afisa anayeitwa kukieleza. Hata hivyo hakuna chakula kinachoiva bila moto. Anayepewa mchele wa msaada naye atahitaji kuni za kuupikia.

Swali basi ni hili: kwa nini moto umekuwa ghali mekoni mwetu, na nani anaweza kuushusha bei? Wengi hutazama msitu. Wengine hutazama gesi. Mimi nadhani jibu la karibu zaidi liko shambani, na kinacholizuia ni mambo mawili: ardhi isiyo na hati, na serikali za kaunti zinazoyaona mapishi kuwa jambo la nyumbani tu.

Nani bado anapikia kuni?

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 55 ya nyumba nchini Kenya hutegemea kuni kuliko kitu kingine katika kupika. Gesi ilikuwa karibu asilimia 24, na makaa karibu asilimia 12. Mombasa mjini waliotegemea kuni walikuwa wachache. Lakini ukivuka Likoni ukaingia ndani ya Kwale, ukapita Mtwapa kuelekea Ganze na Magarini, au ukafika Tana River na vijiji vya Lamu, mafiga matatu bado ndiyo jiko la nyumba nyingi.

Na hata aliye na mtungi wa gesi hajaachana na moto wa zamani. Chai na mayai hupikwa kwa gesi, lakini wali wa nazi unataka kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Pilau ya arusi au hitima haipikwi kwa mtungi mdogo. Sufuria ya watu 200 inataka magogo. Mofa haina mjadala. Kwa hiyo tusidhani kuni ni jambo la maskini wa mashambani peke yao. Nyumba nyingi za Pwani zina mioto miwili au mitatu, na mmoja ukipanda bei nyumba huhamia mwingine.

Somo la gesi

Tuangalie serikali ilivyoichezea bei ya gesi. Mwaka wa 2016 VAT kwa gesi ya kupikia iliondolewa, na matumizi yakaongezeka. Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa. Mwaka uliofuata, Julai 2022, ikapunguzwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ikaondolewa tena, pamoja na ushuru wa reli na ada ya kuingiza bidhaa nchini. Katika miaka 7, mama mwenye jiko ameambiwa nunua gesi, kisha akaadhibiwa kwa kuinunua, kisha akabembelezwa tena.

Anayeishi kwa mshahara alivumilia. Anayeishi kwa kibarua aliuweka mtungi uvunguni na kurudi kwa kuni na makaa. Na aliporudi alikuta wengine wamerudi pia, kila mmoja akitafuta tita lile lile. Bei ya kuni ikapata sababu nyingine ya kupanda.

Kuna jambo linalouma zaidi. Gesi nyingi inayopikiwa Kenya hushuka bandarini Mombasa. Meli zinaonekana kutoka mitaa ambayo watu wake hununua makaa kwa kikopo. Tatizo lao si umbali, ni kwamba mtungi hujazwa kwa pesa za mara moja.

Tufanye hesabu ya mfano. Kikopo cha makaa kikiwa shilingi 70, na nyumba ikatumia vikopo 2 kwa siku, hizo ni shilingi 140. Kwa siku 30 ni shilingi 4,200. Linganisha mwenyewe na bei ya kujaza mtungi wa kilo 13 mtaani kwako. Mara nyingi utakuta maskini ndiye analipa zaidi kwa moto ule ule. Si kwamba hajui hesabu. Mshahara wa siku hununua vitu vya siku. Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa mnunuzi wa kikopo, haba na haba ndiyo inayotoboa mfuko.

Kwa nini kuni zimeadimika

Zamani, kuni hazikuwa na bei kijijini. Mwanamke alikwenda porini na shoka, akarudi na mzigo kichwani. Alicholipa ni saa zake na mgongo wake. Leo pori lile lina ua, lina hati, au lina nyumba. Mashamba mengi ya ukanda wa bahari yamekatwa ploti. Miembe na mikorosho mikuukuu, ambayo matawi yake makavu yalikuwa kuni za bure kwa majirani, imeangushwa kwa mbao na makaa. Kuni zimehama, na kila kilomita zinazoongezeka hulipwa kwa bodaboda, mkokoteni au lori.

Sababu ya pili ni makaa yenyewe. Katika tanuri letu la udongo, kilo 100 za mti hutoa kati ya kilo 10 na 20 za makaa. Makaa yana moto mkali kuliko kuni, karibu mara mbili kwa kila kilo, lakini hata hivyo zaidi ya nusu ya nguvu ya mti imepotea hewani kabla gunia halijafungwa. Ni kweli jiko la makaa halipotezi moto kama mafiga, wala makaa hayana moshi mwingi. Ndiyo maana mjini yanapendwa. Lakini kila gunia linaloingia Mombasa limebeba ndani yake matita mengi ya kuni ambayo kijiji kilikotoka hakitayaona tena. Mjini tunapika kwa makaa ya Kinango na Bamba, kisha tunashangaa kwa nini Kinango na Bamba hawana kuni.

Sababu ya tatu ni sheria. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932. Mwaka wa 1982 Rais Moi alipiga marufuku kusafirisha boriti zake nje ya nchi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na wakataji wa Lamu, iliko zaidi ya nusu ya mikoko yote nchini, wakajikuta bila kazi. Julai 2023 Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku hayo, lakini hoja yake ilikuwa miti iliyokomaa katika mashamba ya miti ya kupandwa, na mengi ya mashamba hayo yako nyanda za juu, si Pwani.

Sisemi sheria hizo zilikosea. Mkandaa na mkoko huwaka vizuri, kila mpishi wa pwani anajua, lakini penye mikoko ndipo kamba na samaki wachanga wanapolelewa. Mama karanga akikaangia samaki kwa mkoko, anachoma kitalu cha samaki wake wa kesho. Kaya za Wamijikenda nazo zimekuwa urithi wa dunia chini ya UNESCO tangu 2008, na wazee walizilinda kabla UNESCO haijazaliwa. Lakini sheria inayosema usikate bila kusema kata wapi haipunguzi njaa ya moto. Inauhamisha mti kutoka mchana kwenda usiku, na aliyeukata usiku huuza kwa bei ya hatari aliyoingia.

Gazi walifanya nini

Mfano mzuri uko karibu. Ghuba ya Gazi, Kwale, jamii inalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na tangu 2013 imekuwa ikiuza hewa ya kaboni. Pesa zimekwenda kwenye maji na shule. Vanga wakafuata njia hiyo mwaka wa 2019.

Wengi husifu habari ya kaboni. Mimi nasifu kipande ambacho hakitangazwi sana: mradi ulipanda mivinje pia, ili watu wapate kuni na nguzo bila kuingia mikokoni. Walielewa kwamba ukifunga mlango mmoja lazima ufungue mwingine, kwa sababu hakuna nyumba itakayokula chakula kibichi kwa ajili ya samaki wa kesho.

Mvinje si mgeni kwetu. Ndio mti uliopandwa kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, mahali palipokuwa jiwe tupu, na leo watu hulipa kiingilio kutembea chini ya vivuli vyake. Hustahimili mchanga, chumvi na upepo wa bahari, na mizizi yake huongeza rutuba. Ukipandwa mita 2 kwa 2, ekari 1 hubeba miti kama 1,000, na katika miaka 4 hivi nguzo huanza kuuzwa. Nguzo huenda kwa wajenzi. Matawi, vichwa na miti iliyopinda hubaki, na hizo ni kuni zinazowaka kwa ukali hata zikiwa hazijakauka sana. Kasoro yake ni kwamba kisiki hakichipui vizuri, kwa hiyo lazima upande upya. Mwarobaini na lusina huchipua, na vinafaa kuchanganywa mpakani.

Kisha tuna mnazi, ambao tunaukanyaga bila kuuona. Kilifi na Kwale ndiko kuliko minazi mingi ya Kenya. Kila nazi ina kumbi na kifuu. Kila mnazi huangusha makuti, makarara na vilifu. Kifuu hutoa makaa mazuri kuliko miti mingi. Lakini penye wakuzaji wengi utakuta makumbi yamerundikwa yakioza au kuchomwa bure, huku kilomita 5 kutoka hapo mtu ananunua kuni. Hapo moto upo. Kilichokosekana ni mkokoteni na soko.

Na Tana River kuna mathenge, mti ulioletwa kwa nia njema na sasa unafunga njia na malisho. Jamii za huko zimeomba kwa miaka uondolewe. Huwaka vizuri na hutoa makaa mazuri. Kama kuna makaa yanayostahili kupewa kibali haraka na njia rahisi ya kufika Malindi na Mombasa, ni haya. Masharti yawe kwamba mti uthibitishwe ni mathenge, maana chini ya jina lake unaweza kusafirishwa mti mwingine wowote.

Nani apande, na wapi?

Hapa ndipo penye kiini. Kila mwaka masika yakianza, viongozi huja na miche, hupiga picha, huondoka. Moto wa mabua. Swali wasilouliza ni ardhi ni ya nani.

Sheria za kilimo za 2009 zinamtaka mwenye shamba awe na miti kwenye asilimia 10 ya ardhi yake. Ni sheria nzuri kwa mwenye shamba. Lakini Pwani kuna maelfu ya watu wanaoishi kama maskwota au wahoi kwenye ardhi wanayolima tangu babu zao. Kwa desturi yetu, mtu aweza kumiliki minazi bila kumiliki ardhi iliyosimama juu yake, na ndiyo maana mwenye hati huogopa mhoi apande mti wa kudumu: leo ni mti, kesho ni dai la fidia. Mhoi hupewa ruhusa ya mahindi na mihogo, si mivinje. Kwa hiyo watu wanaohitaji kuni zaidi ndio wasioruhusiwa kuzipanda.

Mpaka jambo hilo litatuliwe, kampeni za miche zitawafaidi walio nacho tayari. Suluhisho la kudumu ni hati. Lakini kuna la muda pia: mkataba mfupi ulioandikwa mbele ya chifu na wazee, unaosema mhoi atapanda miti ya miaka 4 au 5, atavuna, atampa mwenye ardhi fungu lililokubaliwa, na miti hiyo haitakuwa ushahidi wa umiliki. Vijiji vyetu vimewahi kukubaliana mambo mazito kuliko hayo.

Kazi ya kaunti

Magavana hawawezi kusema moto hauwahusu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi za usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi katika maeneo yao. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa kawi. Mwananchi akienda kwenye kikao cha kutoa maoni ya bajeti, aulize: mpango huo una ukurasa unaozungumzia kuni? Au umejaa taa za barabarani tu?

Mambo manne yanawezekana bila kusubiri Nairobi. Kwanza, kaunti itenge sehemu ya kuuzia kuni na makumbi katika kila soko, na ipunguze ushuru wa barabarani kwa kuni za shambani zenye barua ya chifu. Pili, shule za bweni, ambazo hununua kuni kwa lori na kuvuta bei juu kwa kijiji kizima, zianzishe vishamba vyao vya miti. Nyingi zina ardhi isiyolimwa. Tatu, vyama vya akina mama vipewe mkopo mdogo wa kununua mitungi ya gesi na kuijaza kwa zamu, ili pesa za kikopo zigeuke pesa za mtungi. Nne, wafinyanzi na mafundi wanaotengeneza majiko ya udongo wasaidiwe kuyauza hadi vijijini.

Mtu atasema: kwa nini tutetee kuni wakati moshi unaua? Hoja hiyo ni ya haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, na wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto wanaokaa karibu na jiko. Mimi pia nataka siku ifike ambapo nyanya atawasha kwa kubonyeza. Lakini siku hiyo haijafika Ganze wala Kiunga, na mtu hawezi kupikia ahadi. Kuni za shambani zilizokauka, kwenye jiko zuri, katika meko penye dirisha, ni daraja. Anayekataa daraja kwa sababu anataka barabara ya lami humwacha mwenzake ng'ambo.

Tunachoweza kuanza leo

Nyumbani nako kuna pesa zinazopotea na moshi. Kuni mbichi yaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Ukiinunua unalipia maji, kisha unatumia moto kuyachemsha maji hayo kabla ya kuchemsha chakula. Kuni iliyopasuliwa na kukaa kavuni miezi michache hutoa karibu maradufu ya joto kwa kila kilo. Wazee walijua, ndiyo maana juu ya meko palikuwa na uchaga. Tunaikumbuka methali kwamba kuni zilizo uchagani huzicheka zilizo motoni, lakini uchaga wenyewe tumeusahau.

Basi nunua wakati wa kaskazi, kuni zikiwa kavu na barabara zikipitika, si katikati ya masika. Nunueni kwa pamoja, nyumba 5 au 6, mgawane mzigo wa mkokoteni au lori dogo, badala ya kila mmoja kununua fungu kwa bei ya juu. Pasua vipande vyembamba. Loweka maharagwe na pojo tangu usiku. Funika sufuria. Kinga mafiga na upepo, au tafuta jiko la udongo. Haya si mambo makubwa, lakini nyumba inayoyafanya yote itaona tita la siku 3 likifika siku 5.

Lakini tusiishie hapo, maana kumwambia maskini abane matumizi bila kumpa pa kupanda ni kumcheka kutoka uchagani. Mwaka wa uchaguzi utakapokaribia, mgombea atakuja na unga. Apokewe vizuri, akaribishwe chai, kisha aulizwe: huu tutaupikia nini?